Samadi ya farasi katika bustani za Lubumbashi: kinachoamua ni malalo

Ukiwauliza wakulima wa mboga wa Lubumbashi kuhusu samadi ya farasi, utapata majibu mawili yanayopingana. Mmoja atakuambia kwamba inachoma, na kwamba miche yake ya nyanya ilinyauka siku chache tu baada ya kuitia kwenye tuta. Mwingine atakuambia kwamba haina nguvu hata kidogo, kwamba lengalenga zake ziligeuka manjano na kudumaa, na kwamba ni afadhali kununua gunia moja la samadi ya kuku kuliko kupewa bure magunia matatu ya farasi. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawakutia kitu kimoja. Kinachotoka katika zizi la farasi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: kinyesi, mkojo, na malalo, yaani kile kinachotandazwa sakafuni ili mnyama alalie. Kinyesi hakitofautiani sana kutoka zizi moja hadi lingine. Malalo hutofautiana mno, na hayo ndiyo yanayoamua kama samadi itakulisha au itakunyima.

Kwanza, farasi wenyewe wako wapi? Katika sehemu hii ya Afrika hawajawahi kuwa wengi. Mbung'o huwaambukiza nagana, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao usiku, huweza kuwaua kwa siku chache. Lubumbashi, iliyo kwenye nyanda za juu za takriban mita 1,200 na yenye kiangazi kirefu, inawafaa kuliko mabonde yenye joto, ndiyo maana wapo, ingawa ni wachache: wapo katika klabu ya wapanda farasi na katika mashamba machache ya watu binafsi pembezoni mwa mji. Uchache huo usikukatishe tamaa. Farasi mmoja mwenye uzito wa kilo 450 hutoa takriban kilo 22 za kinyesi na mkojo kwa siku. Ukijumlisha malalo yaliyochafuka, zizi lake hutoa kilo 25 hadi 30 kila siku, ambazo kwa mwezi mmoja zinafika karibu kilo 800. Mwenye farasi watano ana rundo linalokua kila asubuhi asiloweza kulimaliza mwenyewe, na kwa kawaida anachotaka ni mtu wa kuliondoa. Kwa hiyo bei ya samadi hii mara nyingi ni bei ya usafiri tu.

Ili kuelewa kwa nini samadi hii ina tabia yake, ni lazima kuangalia tumbo la mnyama. Ng'ombe hucheua: majani huchachushwa kwanza tumboni, hurudishwa kinywani, husagwa tena, kisha huendelea na safari, na kinachotoka ni kinyesi laini chenye maji mengi. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo, chakula hulipita upesi, na uchachushaji hufanyika mwishoni, katika utumbo mpana. Ndiyo maana ukipasua tonge la kinyesi chake utaona vipande vya nyasi ambavyo bado vinatambulika, mara nyingine hata punje za nafaka nzima. Faida yake ni kwamba hewa hupita ndani ya rundo, bakteria hufanya kazi kwa kasi, na joto hupanda haraka kuliko katika samadi ya ng'ombe. Hasara yake ni kwamba mbegu za magugu nazo hupita zikiwa hai. Mkulima anayetandaza kinyesi kibichi cha farasi kwenye bustani safi anapanda, bila kujua, mbuga yote ambayo farasi huyo alichunga.

Sasa turudi kwenye malalo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Vijidudu vinavyoozesha samadi vinahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, na vinafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kuna sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Kinyesi cha farasi peke yake kiko karibu na kiwango hicho. Mabua makavu ya nafaka yako kwenye 80 hivi. Vumbi la mbao na maranda kutoka kwa maseremala mara nyingi hupita 300. Unapofukia samadi iliyojaa maranda katika tuta lako, vijidudu hupata kaboni nyingi kupita kiasi bila naitrojeni ya kuila pamoja nayo. Ni wageni waliofika na unga wa bukari lakini bila mboga, wakaanza kula mboga ya mwenyeji. Huchukua naitrojeni iliyokuwa tayari udongoni, ile ambayo mizizi ya lengalenga ilikuwa ikiitegemea. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza, kwa kuwa mmea hunyonya naitrojeni kutoka katika majani yake ya zamani ili kuyapa machanga, kisha mmea mzima hudumaa. Hali hiyo si sumu, wala si ya kudumu. Baada ya miezi kadhaa vijidudu hufa, na naitrojeni waliyoishika hurudi. Lakini mkulima anayevuna lengalenga baada ya wiki nne hawezi kungoja miezi.

Kinyume chake, yule ambaye miche yake iliungua alipata samadi mbichi yenye malalo machache na mkojo mwingi. Urea iliyo katika mkojo hugeuka kuwa amonia ndani ya siku chache, ile harufu kali inayowasha macho unapoingia katika zizi lililofungwa, na amonia hiyo ikigusana na mizizi michanga huidhuru. Ukiongeza joto la uchachushaji linaloendelea chini ya udongo pamoja na chumvi za mkojo, utaona kwamba mche wa nyanya haukuwa na njia ya kuokoka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtunza farasi ni hili: farasi wanalalia nini? Kama ni nyasi kavu, una bahati, kwa kuwa nyasi huoza upesi. Kama ni maranda, chukua, lakini ujue kwamba utahitaji muda mrefu zaidi na kitu chenye naitrojeni cha kuchanganya nayo. Kama ni vumbi laini la mbao, mimi nisingelipia usafiri wake, isipokuwa kwa ajili ya kutandaza juu ya udongo kati ya mistari ya mimea. Yakiwa juu bila kufukiwa, mabaki ya mbao hunyang'anya naitrojeni katika tabaka jembamba tu yanapogusana na udongo, na mizizi iliyo chini haisumbuki sana. Uliza pia kama mbao hizo zilipakwa dawa ya kuzuia wadudu, kwa sababu dawa hiyo haina nafasi katika bustani ya mboga.

Swali la pili linahusu dawa ya minyoo: «Papa, farasi walipewa dawa lini?» Ivermectini, inayotumiwa sana kwa farasi, hutoka kwa wingi katika kinyesi katika siku za kwanza baada ya kutolewa, na huua mende wanaosaidia kuozesha kinyesi. Jua na joto la mboji huipunguza, kwa hiyo si sababu ya kukataa samadi, bali ni sababu ya kuliacha rundo la juma lile liive vizuri. Swali la tatu linahusu chakula, hasa kama majani makavu yananunuliwa kutoka mbali. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama aminopiralidi na klopiralidi, ambazo hupuliziwa malisho, hupita tumboni mwa farasi bila kubadilika, na kubaki na nguvu ndani ya samadi. Mwaka 2008 wakulima wa bustani nchini Uingereza waliona nyanya na maharage yao yakijikunja kwa sababu hiyo, na uuzaji wa dawa zenye aminopiralidi ukasimamishwa huko kwa muda. Majani yanayofyekwa kandokando ya Lubumbashi hayana sababu kubwa ya kuwa na dawa hizo. Hata hivyo kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu: changanya samadi iliyoiva na udongo katika makopo matatu, jaza mengine matatu kwa udongo mtupu, panda maharage katika yote, kisha ungoje wiki tatu. Majani yakijikunja kwenye ncha katika makopo yenye samadi, na si katika yale ya udongo mtupu, usiitumie kwa mboga.

Kuhusu usafiri, kumbuka kwamba karibu robo tatu ya kinyesi kibichi ni maji. Anayepakia samadi ya asubuhi ile ile analipia kubeba maji. Ni bora kuacha magunia matupu zizini, kukubaliana na mtunza farasi kitu kidogo cha kumshukuru, na kumwomba ajaze kutoka upande wa rundo uliokaa wiki mbili au tatu, ambao umekwisha kushuka na kuwa mwepesi. Magunia ya plastiki yaliyobeba makala yanafaa, mradi yakung'utwe.

Kuivisha samadi ndiyo kazi yenyewe, na katika mji huu kazi hiyo inafuata majira. Rundo linalojengwa Januari au Februari, katikati ya mvua, huwa tayari mwezi Mei, wakati wakulima wa mabondeni wanaanza msimu wa kumwagilia. Linalojengwa Juni huwa tayari kabla ya mvua za Novemba. Lakini kila msimu una adui wake. Wakati wa mvua, maji hupita ndani ya rundo lililo wazi na kuondoka na naitrojeni na potasiamu, na ule mchirizi wa maji ya kahawia unaotoka chini yake ndio mbolea yako inayokwenda kwenye mfereji wa jirani. Funika kwa turubai au bati kuukuu, na ulijenge mahali palipoinuka. Wakati wa kiangazi, samadi ya farasi hukauka ndani upesi kwa sababu ya hewa ile ile inayoipa joto. Ukilifungua rundo ukakuta unga wa kijivu mweupe unaofanana na majivu, usidhani kwamba limeiva: limekauka likiwa bado na njaa, na uozaji umesimama. Vunja, mwagia maji, panga upya. Rundo kavu pia huwaalika mchwa, ambao hapa Katanga hawangoji kualikwa mara mbili, na wao hubeba samadi gunia kwa gunia hadi kwenye vichuguu vyao.

Kipimo cha unyevu ni mkono. Chukua konzi kutoka katikati ya rundo na uikamue kwa nguvu zote: yakitoka matone mawili au matatu kati ya vidole, ni sawa, yakitiririka, ongeza vitu vikavu, lisipotoka tone na konzi ikasambaratika, ongeza maji. Ukubwa nao una maana, kwa kuwa rundo lililo chini ya mita moja kwa kila upande hupoteza joto lote kwa nje. Likiwa na mita moja na nusu ni bora zaidi, na kama zizi linatumia maranda, weka gunia moja la samadi ya kuku kwa kila magunia manne unapolipanga, ili vijidudu vipate naitrojeni humo humo badala ya kuifuata shambani kwako. Ndani ya siku tatu au nne joto la katikati hupita nyuzi 55. Asiye na kipimajoto achomeke ufito wa chuma hadi katikati, auache dakika kumi, kisha auchomoe: ikiwa kiganja hakiwezi kuushika, joto linatosha. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai kwamba rundo la wazi likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, na lipinduliwe mara tano katika muda huo, ili kila sehemu ipite katikati palipo na moto. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya vijidudu vinavyoleta kuhara, lakini ni joto hilo hilo linaloua mbegu za magugu. Kupindua ni kazi ya mgongo, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kingo za rundo lisilopinduliwa hubaki mbichi hata baada ya miezi sita.

Rundo lililoiva limepungua karibu nusu, halirudi kupata moto hata ukilipindua na kulimwagia maji, linanuka udongo badala ya zizi, na ndani yake huwezi tena kutofautisha kinyesi na nyasi. Vipande vya maranda vinaweza kubaki, lakini viwe vyeusi na vivunjike kati ya vidole. Hufika hapo baada ya miezi mitatu au minne kwa malalo ya nyasi, na sita au zaidi kwa maranda.

Asiyetaka kungoja anaweza kulitumia joto lenyewe. Katika karne ya 19 wakulima wa mboga wa Paris walitegemea farasi waliovuta magari ya mji huo: waliipanga samadi mbichi chini ya tabaka la udongo, na joto lake likakuza saladi na matikiti wakati wa baridi. Usiku wa Juni na Julai Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mbegu za nyanya na pilipili hulala udongoni bila kuota. Chimba kitalu, shindilia samadi mbichi sentimita 40 hivi, mwagia maji, ngoja juma moja ili ule moto wa kwanza na amonia vipungue, kisha weka juu yake sentimita 15 za udongo mzuri na usie. Mizizi haiigusi samadi, na udongo hubaki na vuguvugu kwa wiki kadhaa.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo matumaini yanapozidi uwezo wa samadi. Kilo tatu za samadi iliyoiva kwa mita moja ya mraba, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 10, ni kiwango cha wastani. Samadi hiyo ina naitrojeni takriban asilimia 0.6, kwa hiyo umeweka gramu 18. Lakini sehemu kubwa imefungwa katika mboji, na katika msimu wa kwanza mmea hupata labda gramu tatu au nne. Mboga za majani zinahitaji gramu 10 hadi 15. Pengo hilo ndilo jibu la yule aliyesema kwamba haina nguvu, hata kama samadi yake haikuwa na maranda. Samadi ya farasi si mlo kamili wa kabichi. Ongeza samadi ya kuku iliyoiva, au mbolea ya urea kidogo mmea unapoanza kukua, na uiache ya farasi ifanye kazi nyingine ambayo ya kuku haiiwezi.

Kazi hiyo ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa huku ni mkongwe, una tindikali, na umejaa oksidi za chuma na alumini ambazo hushika fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati hata ikiwapo. Hushika maji kidogo katika tabaka la juu, na hujifunga ukawa mgumu baada ya mvua kubwa na jua. Nyuzi nyingi za samadi ya farasi huupa nafasi za hewa na maji, mboji yake hufunika sehemu ya zile oksidi ili fosforasi ibaki huru, na kwa kuwa samadi haina tindikali, hupunguza ukali wa alumini mwaka baada ya mwaka. Wakulima wanaochanganya udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa, wenye kalsiamu nyingi, wanafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, na viwili hivyo vinakwenda vizuri pamoja. Hesabu ya eneo inatia moyo zaidi: kilo 800 za mwezi mmoja wa farasi mmoja zikiiva zinabaki kama 400, ambazo zinatosha zaidi ya mita 100 za mraba, na lupango nyingi za mjini hazina bustani ya ukubwa huo.

Kuhusu afya, neno moja kwa urefu. Bakteria wa pepopunda huishi katika utumbo wa farasi bila kumdhuru, na spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hukaa katika samadi na katika udongo uliotiwa samadi kwa miaka mingi. Joto la rundo linaloua vijidudu vingine haliziangamizi. Anayeshika samadi kwa mikono yenye mikwaruzo, au anayelima peku, awe na chanjo, na asingoje jeraha ndipo akaitafute. Kwa mlaji hatari ni nyingine: samadi mbichi inaweza kubeba salmonela na aina kali za E. koli. Kanuni zile zile za Marekani hudai siku 120 kati ya kufukia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lile lisilougusa. Lengalenga za wiki nne haziwezi kamwe kutimiza sharti hilo, kwa hiyo kwao samadi mbichi haina nafasi. Mahindi yanaweza.

Limebaki jambo ambalo mkulima wa Goma au Bukavu halimsumbui kama linavyomsumbua wa Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa, na kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi. Udongo wa upande huo umebeba shaba, kobalti, risasi na kadimiamu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima metali hizo hata katika mboga za bustani za mjini. Wapo wanaoamini kwamba samadi husafisha udongo wa namna hiyo. Haisafishi. Mboji huishika shaba kwa nguvu, na samadi inapopunguza tindikali metali huyeyuka katika maji kwa shida zaidi, hivyo mimea huota mahali ambapo haikuwa ikiota. Lakini metali imebaki pale pale, na kadimiamu huendelea kupanda katika majani bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Bustani ya kijani kibichi juu ya udongo mchafu inaweza kudanganya kuliko uwanja mtupu. Mtu ambaye lupango wake uko katika njia ya ule moshi wa zamani, au anayemwagilia kwa maji ya kijito kinachopita kwenye viwanda, afadhali ajenge matuta yaliyoinuliwa kwa mbao au matofali, ayajaze udongo uliotoka mbali pamoja na samadi iliyoiva, na aoshe majani vizuri, kwa kuwa vumbi la kiangazi huleta metali kutoka juu vilevile. Kwake yeye, pesa ya kwanza iende kwenye lori la udongo safi, na ya usafiri wa samadi ifuate.